Neno Nililolifungia Mlango

Siku ile bado naiona, mwanangu, kana kwamba ni ya juzi. Nilikuwa kijana aliyetoka chuoni, mwenye cheti kimoja na kiburi cha vyeti kumi. Wachuuzi wa samaki wa Goma na wavuvi wa Vitshumbi, kijiji cha ziwani wanakotoka samaki hao, walinikabidhi orodha yao ya barua pepe: mmoja akiandika, wote husoma. Humo walipeana habari za ziwa na za barabara.

Kisha barua taka zikatuvamia: urithi wa majenerali tusiowajua, dawa za kuotesha nywele, bahati nasibu tusizocheza. Watu wakaanza kujitoa. Nilipochunguza, nikaona karibu zote zina kichwa URGENT, yaani “ya haraka”. Nikaiamuru kompyuta ifute kila barua yenye neno hilo, kimyakimya. Orodha ikatulia, nami nikajisifu. Nilisahau, na ucheke tu mwanangu, kwamba kwetu hata anayetuma salamu huandika URGENT.

Wiki hiyohiyo mvuvi mmoja aliandika kwamba daraja la njia ya kwenda Goma limekatika, magari yasipakie. Barua yake ikafutwa. Gari la Mama Kavira, mchuuzi wa mtaa wa Majengo mjini Goma, likapakia, likakwama siku mbili, na samaki wake wote wakaoza. Kwa samaki hao alikuwa akilea watoto watano.

Mvuvi yule alipomwambia kwamba alikuwa ameandika, Mama Kavira alinikuta mtaa wa Katoyi, kwa Muzee Paluku, mwalimu mstaafu aliyeianzisha orodha.

“Ni wewe njo ulifunga barua ya daraja?”

“Mama, nilikuwa nafunga wezi.”

“Wezi! Basi mimi niko mwizi wa samaki yangu mwenyewe?”

Muzee akanigeukia polepole. “Mutoto wangu, kuku mugeni hakosi kamba muguuni. Unamufunga, unamuangalia. Wewe umemuchinja mulangoni!”

Nikaomba radhi. Wavuvi wakamchangia Mama Kavira samaki wengine, kila mtumbwi kikapu, na vikapu hivyo nilivibeba mimi hadi sokoni, huku wachuuzi wakiniita Bwana Urgent.

Tukaubadili utaratibu. Hakuna neno moja lililotosha tena kuhukumu barua. Barua ya kwanza ya mgeni ilisubiri, naye akaulizwa: u nani, na nani amekuelekeza kwetu? Matapeli hawakujibu kamwe. Waliokwisha kujulikana walipita moja kwa moja, na zilizotiliwa shaka ziliwekwa kando zisomwe, zisifutwe. Tulihitaji walinzi watatu wa kupokezana.

“Niandike,” akasema Mama Kavira. “Wewe unajua kompyuta, mimi najua watu.”

Na kweli aliwajua. Tangu hapo taka zilipungua, na sikusikia tena mwenzetu akilia kwamba sauti yake imemezwa.

Basi, mwanangu, ukipewa mlango kuulinda, usiupende mlango kuliko wanaoupitia. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mashine ikushauri, lakini hukumu ibaki kwako. Na unayemzuia, mweleze amezuiwa, apate kujitetea. Mungu akupe jicho la kumtambua mdanganyifu na subira ya kumsikiliza usiyemjua, na habari ya kukuokoa isipotee njiani. Amina.