Bi Fotokopi na Rufaa ya Ujumbe wa Sauti

Duka lake lilikuwa chumba kimoja kati ya famasi na fundi saa. Ndani kulikuwa na mashine ya fotokopi, kompyuta tatu, na kiti cha plastiki ambacho mguu wake mmoja ulifungwa waya. Watu walimwita Bi Fotokopi, naye aliitika bila kinyongo, maana mashine ile ndiyo iliyomlisha yeye na mama yake, na ndiyo iliyomsomesha mdogo wake.

Mdogo wake huyo nyumbani aliitwa Chiriku. Alianza kusema kabla ya kutembea, na tangu hapo mdomo wake haukupata likizo. Walipishana miaka kumi na moja, kwa hiyo Bi Fotokopi alimbeba mgongoni, akamsuka, akamfundisha kusoma kwa karatasi zilizoharibika kwenye mashine. Chiriku alipopata nafasi ya kusomea uuguzi ng'ambo, mama yao alisema sasa masikio yake yatapumzika. Kisha akaingia chumbani akalia mpaka jioni.

Simu za nje siku zile zilikuwa ghali, ulikuwa unaongea huku unatazama saa. Fundi kompyuta wa dukani, mtu mpole asiyependa makuu, akamtengenezea njia nyingine. Unaongea kwenye kipaza sauti, kompyuta inahifadhi, mtandao unapeleka, na kule Chiriku anapata barua pepe ya kumwambia kuna sauti inamsubiri. Anabonyeza, anasikiliza, leo au kesho, apendavyo yeye.

"Ni barua tu," fundi alisema. "Ila hii inaongea."

Wala hawakuifanya siri. Wazazi wenye watoto nje walianza kupanga foleni Jumamosi, kila mmoja akizungumza na kipaza sauti kama anayemkaripia mtu aliye chumba cha pili. Mama yake Bi Fotokopi yeye alitaka watu wote watoke kwanza.

Hivyo walikwenda mwaka mmoja na nusu. Kisha mama akaugua tumbo, na ndani ya siku tisa akafariki.

Chiriku alikuwa amebakiza wiki sita afanye mitihani ya mwisho. Mjomba mtu alisema, "Ukimwambia sasa utamvunja. Mwache amalize." Bi Fotokopi alinyamaza, na kunyamaza kwake kukawa ndiyo uamuzi wa familia. Lakini Chiriku alikuwa akituma sauti kila wiki, anamuulizia mama, na mtu hawezi kunyamazia swali hilo. Wiki ya tatu baada ya maziko, Bi Fotokopi alikaa mbele ya kipaza sauti, akakohoa, akasema, "Mama anakusalimu. Koo linamsumbua tu, atakuongelesha akipata nafuu."

Jirani mmoja aliyekuwa safarini kule ng'ambo ndiye aliyempa Chiriku pole, akidhani anajua. Ujumbe wa mwisho wa Chiriku ulikuwa na maneno machache kuliko yote aliyowahi kusema: "Dada, mmemzika Mama na mimi mkanizika humo humo. Usinitafute."

Bi Fotokopi alimtafuta. Barua pepe zilirudi, namba ikawa ya mtu mwingine, na chuo kikajibu kuwa mhitimu amehama. Miaka kumi na saba ikapita. Fundi naye alishafariki. Wateja wakapata simu za mkononi, sauti zikawa zinarushwa kama karanga, na hakuna aliyekumbuka foleni ya Jumamosi. Kompyuta ile ya zamani aliifunika kitambaa akaiweka juu ya kabati. Mara moja moja aliiwasha ili amsikie Chiriku akicheka kabla ya kumaliza kisa, kisha aliizima haraka, kama mtu aliyegusa chungu cha moto.

Siku moja alikuja wakili. Mwanamke wa makamo, viatu bapa, faili chini ya kwapa. Alimwamkia, akakaa kwenye kile kiti bila kujua habari za mguu wake, na Bi Fotokopi akamshika mkono kabla hajaanguka.

Wakili akaeleza. Kulikuwa na kampuni kubwa yenye hataza, yaani haki ya kisheria inayosema kutuma sauti kwa mtandao, ikahifadhiwa, mpokeaji akajulishwa akasikiliza kwa wakati wake, ni uvumbuzi wao. Kampuni hiyo ilikuwa imewashtaki vijana wanne waliotengeneza programu ya simu ya kutumiana sauti, na imeshinda. Vijana wamekata rufaa.

"Mama, hataza ni batili kama jambo lenyewe lilikuwa linatumika hadharani kabla ya wao kuliombea," wakili alisema. "Mteja wako mmoja ametuambia habari za foleni."

Bi Fotokopi alishusha kompyuta kutoka kabatini. Wakili alisikiliza jumbe tatu, akavua miwani.

"Upande wa pili watasema tarehe za kompyuta zinaweza kubadilishwa. Namhitaji aliyepokea. Huyu mdogo wako yuko wapi?"

"Ningejua, nisingekuwa naongea na wewe," akajibu, kisha akaona amekosa adabu, akaomba radhi.

Wakili alimpata kwa wiki mbili, kupitia orodha ya wauguzi waliosajiliwa. Miaka kumi na saba ya Bi Fotokopi, na wiki mbili za wakili. Habari hiyo ilimfurahisha na kumuumiza kwa pamoja, akashindwa kujua aanze na lipi.

"Nipe namba yake," alisema.

"Siwezi, mama. Nyote wawili ni mashahidi. Mkizungumza sasa, watasema mmepangana. Subiri hukumu."

Alichopewa ni nakala ya hati ya kiapo. Aliisoma dukani, mlango umeshushwa nusu. Ilikuwa imeandikwa kwa lugha ya kisheria, kila aya ikianza na "Kwamba". Kwamba mimi ni muuguzi mkuu katika nyumba ya kutunzia wazee. Kwamba nilipokea jumbe arobaini na moja kati ya tarehe hizi na hizi. Alikuwa akimtafuta Chiriku mle ndani kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia, na karibu akate tamaa. Aya ya tisa ikasema: "Kwamba naitambua sauti hiyo kuwa ya dada yangu, kwa sababu hukohoa kabla ya kusema jambo lililo gumu kwake." Na ya kumi: "Kwamba jumbe zote nimezihifadhi mpaka leo." Aliitoa fotokopi karatasi hiyo, ingawa alikuwa na nakala tayari.

Mahakama ya rufaa kwa kawaida haipokei ushahidi mpya, lakini majaji watatu walikubali, mradi muuguzi huyo ahojiwe kwa njia ya video. Bi Fotokopi alikuwa ameshatoa ushahidi wake asubuhi, akaruhusiwa kukaa benchi la nyuma. Skrini ikawaka.

Alikuwa mnene kidogo. Nywele amekata. Mvi zimeanzia pale pale zilipoanzia za mama. Chiriku aliangalia mbele, na kamera ilivyokaa hakuweza kuona benchi la nyuma. Bi Fotokopi alijikuta amenyoosha shingo hata hivyo.

Wakili wa kampuni kubwa alikuwa mzee mwenye sauti laini. Aliwasha ujumbe mmoja mbele ya mahakama yote. Kikohozi, kisha: "Mama anakusalimu. Koo linamsumbua tu."

"Tarehe hiyo, mama yenu alikuwa hai?"

"Hapana," Chiriku akasema. "Alikuwa amezikwa wiki tatu kabla."

"Kwa hiyo dada yako alikudanganya."

"Ndiyo."

"Na mlivunja uhusiano kwa sababu hiyo."

"Mimi ndiye niliyevunja."

"Sasa mahakama imwamini vipi mtu unayekiri ni mwongo?"

Zamani Chiriku angeanza na hadithi mbili. Sasa akasema, "Alinidanganya kuhusu Mama. Hakunidanganya kuhusu siku. Ujumbe ule ulinifikia siku ile ile, niliusikiliza nikitoka zamu, na niliamini. Nafahamu tarehe yake kuliko ya kuzaliwa kwangu."

Jaji wa katikati akainama kwenye kipaza sauti. "Ilibidi uwe kwenye mtandao wakati dada yako anaongea?"

"Hapana, mheshimiwa. Sauti inakaa. Unasikiliza ukiwa tayari." Akaongeza, "Za Mama bado nazisikiliza."

Skrini ikazimwa, wakaingia kwenye hoja za sheria zilizochukua siku mbili.

Hukumu ilichukua miezi minne. Bi Fotokopi aliendelea kutoa nakala za vyeti, kubana faili, kuwaelekeza watoto wa shule waandike majina yao kwa herufi kubwa. Aliacha kula dukani, alikuwa anasahau. Fundi saa wa jirani alimwambia amekonda mpaka anaonekana pande zote mbili.

Hataza ilitangazwa batili. Majaji waliandika kurasa tisini, na katika ukurasa mmoja wakasema kwamba mtu anayeghushi ushahidi hatengenezi ushahidi unaomvua nguo yeye mwenyewe. Uongo ule, walisema, ulikuwa uthibitisho bora wa tarehe. Wakili alimsomea sehemu hiyo kwenye ngazi za mahakama huku vijana wanne wakikumbatiana. Kisha akampa kipande cha karatasi chenye namba.

Bi Fotokopi alirekodi ujumbe, akaufuta, akarekodi tena. Wa saba ndio alioutuma. Alikohoa, hakujizuia. Alieleza siku tisa za mama, moja moja, na maneno ya mama ya mwisho, na nani aliosha mwili. Akasema, "Nilikosa. Sikutaka uanguke, nikakusukuma mwenyewe."

Jibu lilikuja siku ya nne. "Dada, nimesikia. Nimesikiliza mara nyingi. Sijui kama nimesamehe, ila endelea kunitumia."

Tangu hapo wanatumiana kila Jumapili. Chiriku anasimulia wazee wake, nani amekataa dawa, nani amemchumbia kwa mara ya tatu wiki hii, na mara nyingine kile kicheko kinatangulia kisa. Akipigiwa simu hapokei. Kuhusu kuja nyumbani, anasema ataangalia ratiba, na ratiba hiyo ina miaka miwili sasa. Bi Fotokopi halalamiki. Juzi, katikati ya ujumbe, kuna mtu alimwita Chiriku kutoka mbali, naye akamjibu kwa lugha ambayo Bi Fotokopi haijui, kwa upole mwingi, kabla ya kukata. Hajui alisema nini. Hapo ndipo anaporudisha nyuma na kusikiliza tena.