Viazi vya Dezső

Tünde Bakos alidaka viazi kabla hajawahi kudaka mpira. Baba yake, Dezső, alichora goli kwa chaki kwenye mlango wa ghala nyuma ya nyumba, na kila jioni akirudi kutoka kiwandani alibeba ndoo ya viazi vilivyoanza kuoza, akasimama karibu na banda la nguruwe na kuanza kumtupia. Kiazi kilicholenga ndani ya chaki alitakiwa akizuie kwa mkono, kwa mguu, hata kwa uso ikibidi. Kilichokuwa kinapita nje ya chaki hakutakiwa hata kukigeuzia shingo. Dezső alimwambia kwamba kuzuia mtu yeyote mwenye mikono anaweza, lakini kipa lazima ajue kuacha.

Siku mtoto alipokosea, akakirukia kiazi kinachotoka nje, hapakuwa na kelele wala kofi. Dezső aliweka ndoo chini, akaingia ndani na kufunga mlango wa chumba chake taratibu. Mazoezi yalikuwa yameisha. Tünde alibaki uani peke yake, mikono imejaa uchafu wa viazi, akitamani angalau angepigwa.

Mama yake, enzi za uhai wake, alimtetea mumewe kwamba mdomo wake ni mzito tu, moyoni hana neno. Pengine ni kweli. Lakini mtoto hali moyo wa mtu, anakula maneno yake, na Tünde alikua na njaa hiyo. Alidakia timu ya wasichana ya mpira wa mikono ya mji wetu, Tiszahalmos, akapanda timu ya wakubwa, akawa kipa namba moja wa mji mzima, na katika miaka yote hiyo Dezső hakumwambia hata mara moja kwamba amedaka vizuri.

Sasa mnisikie. Mji wetu hauna kitu. Una mto unaofurika, una kiwanda cha mboga za makopo kinachonuka siki mpaka kanisani, na una timu ya wanawake ya mpira wa mikono. Watu hapa wanabatizwa, wanaoa na kuzikwa kwa kufuata ratiba ya mechi. Kuna padri aliyewahi kuharakisha ibada ya maziko mvua ikinyesha, na kila mtu pale kaburini alijua kwamba si kwa sababu ya mvua.

Msimu ninaousimulia ulikuwa wa mwisho kwa Tünde. Goti la kushoto lilikuwa limekwisha, mume alishakwenda kufanya kazi Austria akasahau njia ya kurudi, na asubuhi alikuwa akisimama kwenye mashine ya kubandika lebo kwenye makopo ya matango. Alishasema akifika kiangazi anatundika viatu. Kitu kimoja tu alikuwa hajakipata, fainali ya Kombe la Ulaya. Si lile kombe kubwa la klabu tajiri, hilo tuliliona kwenye televisheni tu. Hili la pili, la watu wa kawaida. Mara mbili timu ilikuwa imefika nusu fainali, na mara mbili ikarudi nyumbani kichwa chini. Tünde aliitaka fainali ile mpaka ikamwondolea usingizi, na chini kabisa ya hamu hiyo palikuwa na mzee mmoja mwenye ndoo, ambaye huenda siku hiyo angefungua mdomo.

Wakati huo Dezső alikuwa haoni tena. Ugonjwa wa macho ulimwachia mwanga na vivuli tu. Hata hivyo hakukosa mechi. Alikaa kwenye kiti chake kilekile cha pembeni, mstari wa kwanza nyuma ya goli, mikono juu ya fimbo, akisikiliza. Hakutaka mtu amsimulie. Jirani mmoja aliwahi kumnong'oneza kinachoendelea uwanjani, akajibiwa kwamba macho ndiyo yamekufa, masikio yapo, na kama anataka kutangaza aende redioni. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kumwambia kitu.

Tulianza vuli kwa kuwatoa Waserbia. Januari, ukungu umelala juu ya mto na watu wakichinja nguruwe na kujaza soseji, tukawatoa Waturuki. Machi tukawatoa Wakroatia kwa bao moja. Mji ulianza kupandwa na wazimu. Kwa mwokaji mikate hakuna aliyeuliza hali ya mgonjwa wala bei ya unga, watu waliuliza goti la Tünde limeamkaje.

Kilichotutia hofu ni kocha. Gergely Somos alitoka mji mkuu, kijana mwenye ndevu zilizochongwa, na alikuja na mtindo uliokuwa umeanza kuenea kila mahali baada ya sheria mpya. Timu ikishambulia, kipa anakimbilia benchi na mchezaji wa saba anaingia mahali pake kuwaongezea sita wa uwanjani, goli linabaki tupu. Mpira ukipotea, yule wa saba anakimbia kutoka, na akishavuka mstari ndipo kipa anaporudi. Ukisikia hivi ni jambo rahisi. Kwa mwanamke mwenye goti bovu, ni kukimbia kama mwizi kwenda na kurudi mechi nzima, huku kila kitu alichokilinda maisha yake kikiwa wazi nyuma yake.

Mashabiki walimtania. Kila akikimbilia benchi, mtu wa jukwaani alipaza sauti, "Tünde, umeacha jiko linawaka?" na ukumbi mzima ukacheka. Yeye mwenyewe alicheka mwanzoni. Baadaye alimfuata kocha kwenye korido, mikono bado inanata gundi wanayojipaka ili kuushika mpira, akamwomba amwache golini angalau katika dakika za mwisho.

"Dada, hesabu ni hesabu," Somos alimjibu kwa upole. "Saba ni wengi kuliko sita."

"Na goli tupu ni tupu, Kocha."

"Ndiyo maana tusipoteze mpira."

Akaenda zake. Huwezi kubishana na mtu wa aina hiyo, maana kila anachosema ni kweli mpaka siku kinapokuua.

Nusu fainali tulipangiwa Wadenmaki. Kwao tulifungwa kwa mabao matatu, na Tünde alidaka siku ile mpaka wenyeji wakasimama kumpigia makofi. Alirudi na vidole vimevimba, akakuta baba yake jikoni anamenya kitunguu kwa kupapasa. Mzee alikuwa amemsikiliza kwenye redio. Alichosema ni kwamba bao la tisa lilikuwa la kizembe. Tünde alichukua kisu, akamalizia kumenya kitunguu, akashukuru kwamba kitunguu kinatoa machozi.

Marudiano yalikuwa kwetu, Jumapili mchana. Tulihitaji kushinda kwa mabao manne. Matatu yasingetosha, kwa sababu ukilingana, mabao ya ugenini yanahesabiwa, na kwao sisi tulikuwa tumefunga machache mno. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Kipindi cha pili kilipoanza, Tünde aligusa nguzo zote mbili na mwamba wa juu kama kawaida yake, akageuka, akamwona baba yake nyuma ya wavu, kofia magotini.

Sitawachosha na mechi yote. Mpaka nusu dakika ya mwisho tulikuwa mbele kwa manne na mpira ni wetu. Fainali ilikuwa mkononi, kilichobaki ni kuushikilia mpira. Somos, ili wasinyang'anywe, akanyoosha mkono akamwita kipa atoke. Tünde alitikisa kichwa. Somos akaita tena. Tünde akatoka akichechemea, na Borbála, msichana wa pembeni, akaingia kuwa wa saba. Safari hii hakuna aliyeuliza habari za jiko.

Pasi ya tatu ilikatwa. Mdenmaki mmoja, mrefu, aliyebanwa na watu wawili, hakutazama hata anakorushia. Aliutupa mpira juu, urefu wote wa uwanja, kuelekea goli letu tupu. Ukadunda. Ulikuwa umejaa gundi ya mikono ya wachezaji wote, kila ukidunda ulikuwa kama unasitasita, lakini uliendelea.

Tünde alikuwa amesimama kwenye mstari wa benchi. Borbála alikuwa anakuja mbio kutoka, bado yuko mbali. Tünde alitakiwa kumsubiri. Kila kipa anajua hivyo, hata wa timu ya shule. Na kuna jambo la pili alilolijua, na hili ndilo lililomla baadaye. Alipouona mpira ukidunda mara ya pili, macho yake yalishamwambia. Unatoka nje. Utapita pembeni mwa nguzo ya kulia. Yale macho yaliyofunzwa kwa viazi hayakumdanganya hata kidogo. Ni miguu iliyokataa kuamini. Miaka yote ile, fainali ile, goli lile limeachwa wazi mbele ya watu wote na nyuma yake mzee amekaa. Miguu iliondoka yenyewe.

Aliingia uwanjani kabla Borbála hajatoka. Akakimbia bila goti, bila pumzi, akajirusha, akaukandamiza mpira kwa viganja viwili sakafuni. Filimbi ikalia. Ukumbi, uliokuwa umeanza kushangilia, ukanyamaza.

Aliinua kichwa. Mpira ulikuwa chini ya mikono yake, upande wa nje wa nguzo.

Refa hakuhitaji kujua mpira ulikuwa unakwenda wapi. Kuingia kinyume cha sheria katika sekunde za mwisho adhabu yake inajulikana, kadi nyekundu na penalti. Kwenye televisheni kubwa ya ukutani wakarudia picha, polepole, na watu wote wakaona. Angebaki amesimama pale pale benchi na mikono mfukoni, mpira ungetoka, muda ungekwisha, na Tiszahalmos ingecheza fainali. Hakuna aliyezomea, na afadhali wangezomea.

Lilla, kipa wa akiba, mtoto wa juzi tu ambaye Tünde mwenyewe alimfundisha, alipita karibu naye akienda golini. "Dada Tünde, niende upande gani?" aliuliza. Lilla akaenda kushoto, mpira ukaenda kulia. Tulishinda kwa matatu, na Wadenmaki wakaenda fainali.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo hakuna aliyemlaumu. Borbála alilia, akasema ni kosa lake kwa kukimbia polepole. Somos alikaa sakafuni ameshika ndevu zake. Tünde alijipaka mafuta mikononi kuondoa gundi, akasugua, akasugua tena, na alipomaliza aliondoka kwa mlango wa nyuma.

Baba yake alikwisha kutangulia nyumbani, peke yake, kwa fimbo, kama alivyozoea. Hakungoja mtu wala kuuliza mtu. Tünde alimkuta mezani, supu ya kuku ya Jumapili imepashwa moto, bakuli mbili. Mzee alikula. Tünde alikuwa anakoroga tambi tu.

Halafu Dezső akaweka kijiko chini.

"Nilisikia unadunda," alisema. "Nikasikia umeanguka. Mpira ule, mwanangu, ulikuwa unaingia?"

Tünde alimtazama. Yale macho meupe yalikuwa yanaelekea kwenye taa, si kwake. Ingekuwa rahisi kusema kweli, neno moja. Lakini alikuwa amechoka, alikuwa amepoteza kila alichokuwa nacho mchana ule, na hakuwa na nguvu ya kupoteza na hiki.

"Ulikuwa unaingia, baba. Chini, kwenye kona."

Mzee akainuka, akapapasa kabatini, akatoa chupa ya pombe ya plamu, ile inayotoka kwenye ubatizo na kwenye msiba tu. Akamimina glasi mbili bila kumwaga hata tone. Akanyoosha mkono juu ya meza mpaka akapata kichwa cha binti yake.

"Basi ulifanya sawa," alisema. "Kadi si kitu. Goli tupu, mtu anafanyaje? Umedaka vizuri leo, Tünde. Umedaka vizuri sana."

Tünde akanywa. Pombe ilimchoma mpaka tumboni. Hiki ndicho alichokisubiri tangu akiwa na mikono midogo isiyoenea kiazi, na kilipofika hakuweza kukishika. Alilia kwa sauti, na baba yake, akidhani analilia fainali, akaendelea kumpapasa nywele na kumrudia maneno yaleyale.

Asubuhi Dezső alivaa kofia akaenda kuchukua mkate, kama kila siku. Tünde alimsikia akitoka. Alijua foleni ya pale kwa mwokaji ilivyo, na alijua siku hiyo haina habari nyingine. Sheria ya kutomsimulia mzee ilikuwa ya ukumbini tu. Watu wangempa pole. Wangemwambia kwa huruma kabisa, wakishika mkono wake, kwamba inauma zaidi kwa sababu mpira ulikuwa unatoka nje.

Hakwenda kazini. Alikaa mezani na glasi mbili za jana ambazo hazijaoshwa. Baada ya muda akasikia fimbo uani, inapita karibu na ghala, inapanda ngazi.

Dezső aliingia. Aliweka mkate mezani, bado wa moto. Akasimama kidogo, kama mtu anayesikiliza kama ndani kuna mtu.

"Baba," Tünde alisema.

Mzee alipita, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango taratibu.