Samaki Aliyechaguliwa na Mama Mkwe

Tangi nililitengeneza mwenyewe. Mimi ni fundi wa vioo na aluminiamu hapa Sumbawanga, na vipande vya kioo kinene vilivyobaki kwenye kazi ya duka fulani vilikuwa vimelala karakana vikinikodolea macho. Nikavikata, nikavigandisha kwa silikoni, nikajaza maji uani, nikalizunguka tangi kutwa nzima kama mtu ambaye mkewe yuko leba. Halikuvuja hata tone. Nilijisifu mno, na mke wangu akaniacha nijisifu, kwa sababu tangi lilikuwa la mama yake.

Mama mkwe alikuja kuishi kwetu baada ya maji ya ziwa kupanda na kula ukuta wa nyumba yake kule Kasanga. Kilibaki chumba kimoja, nacho kina ufa wa kupitisha mkono. Hata hivyo kila asubuhi aliulizia magari ya kushuka ziwani, na paka wake aliyemwacha kwa jirani. Huku juu hakukupenda: baridi, upepo, na watu wanaozungumzia mahindi na ulezi toka asubuhi hadi jioni. Ndipo mke wangu akapata wazo la samaki. Tumwekee kidogo cha kwao ndani ya nyumba, labda moyo wake utatulia.

Mimi na mama mkwe hatukuwa tunazungumza. Si ugomvi, ni heshima. Tulivyolelewa, mkwe wa kiume na mama mkwe hawali pamoja, hawaangaliani usoni, hawaambiani neno moja kwa moja. Akitaka kuniambia jambo anamwambia binti yake, hata kama nimesimama hapo hapo nasikia. "Mwambie mumeo mlango unalia." Mke wangu ananigeukia: "Mlango unalia." Nami najibu, "Mwambie mama nitautia mafuta." Vijana pale karakana walinicheka, wakaniita mshikaji wa kizamani, na kuna siku nilitaka kucheka nao. Lakini sikuthubutu kuwa wa kwanza kuvunja mwiko.

Samaki wa kwanza walikufa wote. Huku kwetu maji ya mvua ndiyo maji. Ndiyo ya mgonjwa, ndiyo ya chai ya mgeni. Basi nikajaza tangi maji ya mvua kutoka kwenye pipa la uani, safi hadi unaona ukuta wa nyuma, nikawatia samaki wa njano walioletwa kwa ndoo kutoka ziwani. Kumbe wale wamezoea maji mazito yenye madini, na ya vuguvugu. Mimi niliwapa maji mepesi ya baridi, nikaenda kulala nimefurahi. Asubuhi walikuwa wanaelea.

Mama mkwe alisimama mlangoni akawaangalia. Kisha akamwambia binti yake, polepole tu, "Samaki wa kwetu wameshindwa kukaa huku. Tukachukue wengine, nichague mwenyewe. Na hao wakifa, nirudisheni kwangu, na msinibishie."

Mke wangu alinirudishia maneno yale neno kwa neno. Nilikuwa nimeshayasikia.

Tulishuka Kasanga kwa pikapu ya rafiki yangu, ile ya milango minne. Mimi kwenye usukani, mke wangu kando, mama nyuma amejifunika kitenge hadi puani. Nilikuwa nimeagiza kipasha maji kutoka Dar na pampu ndogo ya hewa ya betri, na nyuma nilipanga ndoo mbili na madumu matupu ya kuchotea maji ya ziwani. Safari hii sikutaka mchezo.

Ufukweni wavuvi walikuwa wametuwekea kwenye mabeseni samaki wadogo wanaokaa kwenye mawe. Nilijua ninachokitaka: wa njano, na wenye milia ya buluu, wale wanaokimbia ukitia kidole. Mama alikaa juu ya jiwe akinipa mgongo, na binti yake akawa anamsogezea beseni moja moja.

"Mwambie mumeo hao wa milia ni wakorofi. Watauana."

Nikawarudisha wa milia.

"Wa njano wachache wanatosha. Na huyu."

Huyu alikuwa wa kahawia, hana hata pa kumsifia. Taya limevimba, amejibanza pembeni. Nilimdondoshea punje ya chakula, ikampita usoni, hakuigusa. Nikasema, "Mwambie mama huyu mgonjwa. Atatuulia wenzake."

Mke wangu akamwambia. Mama hakugeuka. "Mwambie nimeshamchagua."

Nikamtia kwenye ndoo pamoja na wengine, lakini ndani nilikuwa nachemka. Tulipoanza kupanda milima, nikibadilisha gia kwenye kona zile, nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Mwanamke aliyezaliwa kando ya ziwa lile hawezi kukosa kumjua samaki mgonjwa. Amemchukua makusudi. Anataka wafe wote, apate ruhusa ya kurudi kwenye chumba chake chenye ufa. Niliuona ule ukuta ukimwangukia usiku, na mke wangu akinitazama maisha yote kwa jicho la kunilaumu. Niliogopa, na mimi nikiogopa huwa nakasirika.

Tulipofika mji wa Matai, katikati ya safari, baridi ilikuwa imeanza kuuma. Mke wangu alishuka kwenda kununua maandazi. Mama naye alishuka upande wake kunyoosha miguu. Nikaruka nyuma ya pikapu, nikafunua blanketi lililofunika ndoo. Wa njano walikuwa wazima. Wa kahawia alikuwa vile vile, amejikunyata, taya nje. Nikamchota kwa kikombe cha plastiki. Mtaro wa barabara ulikuwa pale pale chini yangu, nami nilikuwa nimeshaanza kuinamisha mkono.

"Baba, acha! Ana watoto mdomoni!"

Sauti ile haikupitia kwa mtu. Mama alikuwa ameshika ubavu wa pikapu kwa mikono miwili, kitenge kimemwangukia mabegani. Vijana wa bodaboda waligeuka wote kutuangalia. Mimi niliganda na kikombe changu, na ndani ya kikombe yule samaki akafungua kinywa, wakatoka. Walikuwa wadogo kama punje za ulezi zenye macho na mkia, na kila mmoja alikuwa anaogelea.

"Usitikise," akasema mama. "Usiwarudishe kwenye ndoo, watamezwa na hao wengine. Chukua ile ndoo tupu. Tia maji ya dumu, kidogo. Sasa shusha kikombe humo humo. Taratibu, baba."

Nilifanya kila alichosema. Nilishusha kikombe kama siku niliyobeba kioo changu cha kwanza. Samaki wa kahawia alizunguka ndani ya ndoo, akawakusanya tena mdomoni mmoja mmoja.

"Wako wa njano ni wa kuangalia tu," akasema. "Huyo nilimchagua ili wasiishe."

Halafu akakumbuka. Nilimwona akikumbuka. Alivuta kitenge kikafunika uso wote, akaingia ndani ya gari. Mke wangu aliporudi na maandazi alimkuta mama amejifunika, nami bado niko nyuma na ndoo.

"Mwambie mumeo anisamehe," mama akasema, sauti imekwisha kabisa. "Nimemfokea mkwe wangu barabarani, mbele za watu. Nitakaaje nyumbani kwake? Nishusheni hapa hapa, magari ya kushuka yapo."

Mke wangu alianza kulia na maandazi mkononi. Alinigeukia ili anirudishie maneno, akashindwa. Nami nilijua kwamba jibu lolote nitakalompa alipeleke halitamzuia mama yake asishuke.

Nikazunguka hadi mlango wa nyuma, nikachuchumaa chini kwenye vumbi, nikapiga makofi taratibu kama tunavyowaamkia wakubwa huku Ufipa.

"Shikamoo, mama."

Bodaboda mmoja alicheka. Nilibaki nimechuchumaa hadi magoti yakaanza kuniuma. Nilikuwa sina mpango mwingine.

"Marahaba, baba," akasema. "Inuka. Maji yanapoa."

Tulifika nyumbani bado kuna mwanga. Tulijaza maji ya ziwani, tukasubiri kipasha maji kifanye kazi yake, nikakata kipande cha kioo na kutenga kona ya yule wa kahawia na watoto wake. Hakuna aliyelala vizuri. Kulipopambazuka mama alikuwa ameshakaa kwenye kigoda mbele ya tangi. Mimi nilisimama nyuma yake, mke wangu katikati yetu, na sote tulikuwa tunaangalia kioo. Wa njano walikuwa wanazunguka. Kwenye kona, watoto walikuwa nje, wanacheza chini ya kidevu cha mama yao.

Mke wangu alijiweka tayari kupokea maneno. Mama hakumtazama.

"Yule paka wangu aliyebaki Kasanga," akaniambia, "jirani abaki naye moja kwa moja. Huku kuna watoto."