Mwalimu Aliyeandikishwa Mfagiaji

Kaka yangu ni mwalimu. Nalisema hilo mwanzo kabisa kwa sababu karatasi zake zinasema vingine, na ukikutana naye leo hakuna atakayemtambulisha hivyo. Nyumbani alifundisha Kiingereza mpaka wale aliowafundisha wakaanza kumletea watoto wao. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, kuanzia muuza mkaa hadi mama mkwe wake. Mimi mwenyewe, mdogo wake wa tumbo moja, sikumbuki mara ya mwisho nilipomwita kwa jina lake.

Huku ughaibuni aliletwa na sauti yake. Wakala mmoja wa kutafuta walimu alimpigia simu, akakisikia Kiingereza chake kilichonyooka, kila neno kama limepigwa pasi, akamuunganisha na mama mmoja mwenye kituo cha kufundishia watoto wadogo. Mama naye akamsikiliza kwa simu, akasema huyu ndiye. Hakuna aliyeomba picha. Siku aliyofika, na suti yake ya harusi na sanduku lake, yule mama alitoka hadi mlangoni kumpokea. Akamtazama kaka. Akamtazama na mtu aliyekuwa akipita nyuma yake, akidhani labda ndiye. Halafu akasema karibu ndani upumzike.

Hakuwa mtu wa makelele, mama yule, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, maana mtu mkali angalau unajua pa kumkwepa. Alimweleza kaka kwa sauti laini kwamba wazazi wa huku wanalipa ili watoto wao wafundishwe na mtu wa sura ile wanayoiona kwenye filamu. Yeye binafsi, alisema, hana ubaguzi hata chembe. Ni wazazi tu. Basi akapanga mambo yake. Alikuwa amempata kijana mmoja mwenye nywele za dhahabu, aliyekuja huku kuogelea na kustarehe mpaka akaishiwa. Kiingereza hakikuwa lugha ya kwao, na kilimchenga kila alipoingia kwenye sentensi ndefu, lakini picha yake ilibandikwa kwenye bango juu ya mlango wa kituo, anacheka, ameshika kitabu. Mimi nikampa jina la Picha, likamganda. Picha akapewa kibali cha kazi cha mwalimu. Kaka yangu akapewa kibali cha mfagiaji, kwa muda tu, na akapewa darasa.

Ndivyo walivyofanya kazi. Kaka aliingia darasani asubuhi, mlango ukafungwa, na dirisha lilikuwa limebandikwa karatasi za maua ili mpita njia asione ndani. Alifundisha mpaka koo likauka. Jioni wazazi walipokuja kuchukua watoto, Picha ndiye aliyesimama getini, akiwapungia mkono na kuwashika watoto vichwa. Wakati huo kaka alikuwa ndani na ufagio, anafagia kweli, maana kibali kilisema ufagio na mkaguzi angeweza kupita wakati wowote.

Mimi nafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli. Naitwa mfuaji, na ninafua. Tulipanga pamoja vyumba viwili, na kila aliporudi na vumbi la chaki kwenye mkono mmoja na harufu ya dawa ya kupigia deki kwenye mwingine, damu ilinichemka.

"Wewe kaka, hivi unakubalije?" nilimuuliza. "Mtu mzima, unafanywa pepo wa kumkalia Picha kichwani?"

"Ni kwa muda, dada. Madamu ameniahidi."

"Huyo Madamu wako anakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Dada, wewe huna subira," alisema, akavua viatu akavipanga mlangoni sawasawa, kama alivyofanya maisha yake yote.

Ahadi yenyewe ilikuwa hii: siku ya wazazi ikipita salama, mama yule angempeleka kuandikishwa upya, kibali kisome mwalimu. Na mwenye kibali cha mwalimu anaruhusiwa kumleta mwenzi wake. Mfagiaji haruhusiwi. Hapo ndipo palipokuwa na roho ya kaka yangu. Wifi yangu, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mcheshi wa kukufanya ushike mbavu, alikuwa nyumbani anamngoja. Hawakujaliwa mtoto. Walikuwa wawili tu tangu walipooana, wakisahihisha madaftari kwenye meza moja, na sasa wakawa watu wa simu. Kaka alikuwa ameshapima kitanda kikubwa kama kitaingia chumbani mwake. Kiliingia kwa kubanwa ukutani.

Mama yule alipotaja siku ya wazazi kuwa ni mwezi ujao, kaka alimpigia mkewe palepale akiwa bado kazini. Wifi akaandika barua ya kuacha kazi, akagawa vyombo vyake kwa majirani, akahamia kwa dada yake kungoja safari, na akaanza kuaga. Alizunguka nyumba moja moja. Kanisani wakamwombea, shuleni kwake walimu wakamfanyia sherehe na kumvisha kitenge.

"Ungemwambia asubiri kwanza," nikasema.

"Mama yule ameniambia ana kwa ana. Nisubiri nini tena?"

Kaka aliiandaa siku ile kama anaandaa mtihani wa taifa. Alimkalisha Picha chini kila jioni, akamfundisha wimbo, akamfundisha maswali atakayowauliza watoto na majibu watakayompa, asimame wapi, anyooshe kidole lini. Nakiri, Picha hakuwa mtu mbaya. Aliona haya, alikuwa akisema samahani kila dakika, na alijifunza kwa bidii. Watoto nao waliiva. Hakuna kilichosahaulika, isipokuwa kitu kimoja ambacho hakikupita kabisa kichwani mwa kaka, kwa kuwa kwake hakikuwa somo.

Sisi tuliosoma kwetu tunakijua. Mwalimu akiingia darasani, watoto wote husimama kwa mkupuo. Humwamkia kwa sauti moja ya kuvuta, yeye huwajibu, na hakuna anayekaa mpaka mwalimu aseme kaeni. Kaka aliwafundisha hivyo wale watoto wa watu tangu siku ya kwanza, bila kufikiri, kama mtu anavyofunga mlango nyuma yake. Nao waliupenda mtindo huo kufa. Walikuwa wakimvizia. Akitoka kuchukua chaki tu akarudi, viti vinakwaruza sakafu, wote wima, wanamwamkia upya kana kwamba amesafiri.

Siku yenyewe nilikuwapo. Mama yule alimwomba kaka alete mtu wa kusaidia kuosha bilauri, nikaenda. Darasa lilipambwa, viti vya wazazi vikapangwa ukutani, na Picha alikuwa ameshasimama mbele kabla watoto hawajaingizwa, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kuingia na kusimamiwa. Waliimba. Waliulizwa, wakajibu. Wazazi waliwapiga picha kwa simu, mama mmoja akafuta machozi. Sisi wawili tulikuwa jikoni tunasikiliza, na kaka alikuwa akitikisa midomo kila jibu lilipotolewa. Sijamwona na furaha ile tangu afike huku.

"Umesikia yule wa mwisho?" akaninong'oneza. "Alikuwa haongei kabisa yule. Neno halitoki."

Mama mwenye kituo akachungulia jikoni, akasema wageni wana kiu, leteni vinywaji. Kaka akavaa koti la bluu la wafagiaji, akabeba sinia la bilauri za maji ya matunda. Mimi nikabeba lingine nyuma yake. Akasukuma mlango kwa bega.

Darasa zima lilisimama.

Viti vikakwaruza, vichwa vikanyooka, mikono ubavuni, wakamwamkia kwa sauti moja ya kuvuta, kwa Kiingereza kile kile cha kaka yangu, kila neno limepigwa pasi. Halafu wakanyamaza, wakamtazama, wakingoja. Baadhi ya wazazi walipiga makofi wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Mama mwenye kituo naye akacheka na kupiga makofi. Picha akawaambia watoto kaeni. Hakukaa hata mmoja. Mama akawaambia kaeni, kwa lugha yao wenyewe, na bado wakasimama, na makofi yakaisha.

Baba mmoja akamwinamia binti yake akamuuliza jambo. Mtoto akajibu kwa sauti ya kusikika, akimwonyesha kaka kidole. Lugha ya huku naielewa kiasi cha kununulia sokoni, lakini neno mwalimu nalijua. Yule baba akasimama, uso umekunjamana, akamuuliza mama mwenye kituo: nani hasa anafundisha hapa?

Mama alimgeukia kaka, akamtazama, na mimi niliyekuwa na sinia mkononi niliona kila kitu kwenye lile jicho: kibali, kitanda, wifi na kitenge chake. Nilitamani kaka avue lile koti. Nilitamani aseme kaeni, kwa sauti yake ile, halafu tuondoke wote wawili tukalale njaa. Lakini si mimi niliyekuwa na mtu anayengoja nyumbani.

Kaka aliweka sinia mezani. Akatoa kitambaa mfukoni, akaanza kufuta meza iliyokuwa safi, na akasema sentensi ya kwanza aliyofundishwa katika lugha ya nchi hii, ile ambayo mama yule alimkaririsha wiki aliyofika, kwa ajili ya mkaguzi:

"Mimi ni mfagiaji hapa."

Akachekacheka. Akaongeza kwa maneno yake machache ya sokoni kwamba watoto wanapenda mchezo, watoto wanamtania. Wazazi wakashusha pumzi, na yule baba akacheka kwa sauti kuliko wote, akampigapiga kaka begani. Lakini watoto walikuwa bado wamesimama. Binti wa yule baba, kamwili kadogo, soksi zimeshuka, akauliza kwa Kiingereza, kwa adabu kabisa, kama alivyofundishwa:

"Mwalimu, tunaweza kukaa?"

Kaka alichukua sinia lililokuwa bado limejaa, akatoka nalo. Nilibaki mlangoni na sinia langu. Mwisho Picha, akiwa mwekundu mpaka masikioni, alikaa mwenyewe sakafuni, na mmoja baada ya mwingine nao wakakaa.

Siku ya wazazi ilipita salama. Watoto wapya waliandikishwa wengi, na mama mwenye kituo alimwita kaka ofisini akamshukuru kwa mikono miwili. Akamwomba jambo moja dogo, awakataze watoto ile tabia ya kusimama. Kaka akawakataza. Kisha akamkumbusha juu ya kibali.

Nimesimuliwa na kaka mwenyewe, neno kwa neno, na sijui aliwezaje kuyarudia bila kutapika. Mama alimwambia kwa ile sauti yake laini:

"Mwalimu, mimi ningependa sana. Lakini wewe mwenyewe umewaambia wazazi kwamba ni mfagiaji. Wote wamekusikia. Leo nikikuandikisha mwalimu, nitaonekana nimewadanganya. Unanielewa?"

"Na ulilifanya vizuri sana," akaendelea. "Kusema kweli, uliniokoa."

Akamwongezea muda wa kibali kile kile, na akampa koti jipya la bluu, kwa kuwa la zamani lilikuwa limepauka.

Kaka alimpigia wifi siku yake ya mapumziko, mchana, mimi nikiwa napiga pasi pembeni. Nilidhani atamficha, atasema bado kidogo, mambo ya karatasi yanachelewa. Hakumficha. Alimweleza yote tangu mlango aliousukuma kwa bega, na simu ilikuwa na sauti ya kutosha, nikawasikia wote wawili. Nilingoja wifi alie, au atukane, na ningemsaidia kutukana. Badala yake aliuliza kwa ile sauti yao ya walimu wawili kwenye meza moja:

"Na watoto? Uliwaacha wamesimama?"

"Ndiyo," kaka akasema.

"Haya. Mimi nimeshaaga watu, baba. Nimeshaaga kila mtu."

Hakuweza kurudi kazini, nafasi yake ilikuwa imeshajazwa, wala hakuweza kutoka nje na watu wanajua amepanda ndege. Anakaa chumba cha nyuma kwa dada yake. Wageni wakipiga hodi, anafunga mlango kwa ndani na kutulia mpaka waondoke. Wiki iliyopita alifika mwalimu mwenzake wa zamani kumjulia hali, na wifi akiwa pale pale nyuma ya mlango alimsikia dada yake akijibu kwamba alifika salama, wanashukuru Mungu, yuko na mumewe, na wanafundisha wote shule moja.