Nzi wa Pareto

Nina diploma ya dawa za wadudu, niliyoitafuta ng'ambo kwa jasho langu mwenyewe, lakini harufu ya gunia la pareto, yale maua ya kuulia wadudu, hunirudisha kwenye shamba la mzungu karibu na Nakuru. Nikiwa mtoto huko, nilifuga kinyonga. Nzi waliolevywa na maua ya pareto yaliyoanikwa walishikika kwa urahisi, nikamlisha hao tu. Akatetemeka, akafa. Nilimshuku nyanya, aliyekuwa akitema mate kila akimwona.

“Nyanya, umempa nini?”

“Mimi? Hata kumtazama siwezi!”

Siku mbili nilikataa uji wake. Ya tatu alikunywa nusu kikombe mbele yangu, akanisogezea.

“Haya, daktari wa vinyonga. Tukifa, tufe wawili.”

Nilikipokea, lakini nilingoja kwanza nione kama mikono yake itatetemeka.