Mkungu wa Wifi

Tarehe 9 Machi 2012, filamu moja ya katuni ilipomaliza kuonyeshwa kwa mara ya kwanza, majina ya waliofanya kazi yalianza kupanda kwenye skrini, na chini ya neno "Miti" kulikuwa na jina moja tu. Mwenye jina alikuwa amekaa safu ya nne, mama yake upande huu, kaka yake upande ule. Watu walikuwa wameshainuka kutafuta mlango. Yeye aliwashika wale wawili mikono, wakakaa, mpaka mstari ule ulipopita na kupotelea juu.

Tangu hapo studio nzima humwita Mama Miti. Hana mtoto hata mmoja, na jina hilo halijawahi kumkera.

Kazi yake ni kuunda miti kwenye kompyuta, ile ambayo wahusika wa katuni hupita chini yake. Huanza na shina tupu kama bomba la maji. Hulivuta, hulipinda, hulitia vifundo, kisha huchomeka tawi moja baada ya jingine, kila moja kwa mkono wake. Mti unaosogelewa na kamera humchukua wiki tatu. Akiumaliza, mchora nyuso wa studio hupita na kuuliza kama kuna mtu aliyekwisha kufungia punda hapo.

Wifi yake, mke wa kaka yake, aliingia studio kwa mgongo wake. Alikuwa akichora kadi za harusi katika duka la uchapaji. Mama Miti ndiye aliyemsemea kwa wakubwa, akamkalisha karibu, akamwonyesha jinsi tawi linavyonenepa pale linapotoka, na kwa nini jani halionyeshi mgongo bila upepo. Mwanafunzi alikuwa mwepesi. Mwanzoni hilo lilikuwa jambo la kujivunia.

Kisha wifi akaja na programu yake. Programu ile haichongi mti, inauotesha. Unaipa masharti: shina ligawanyike wapi, matawi yatoke kwa pembe gani, majani yafuate mwanga kwa kiasi gani. Mwisho unaipa namba yoyote, ambayo wao huiita mbegu. Namba ileile itakupa mti uleule siku zote. Badilisha tarakimu moja, utapata ndugu yake, aina moja lakini umbo jingine kabisa. Wifi alikaa asubuhi, na watu walipoinuka kwenda kula alikuwa na msitu.

"Hiyo ni miti ya kiwandani," Mama Miti alisema. "Kama viatu vya plastiki."

"Lakini vinavalika, wifi!"

Chumba kizima kikacheka. Maneno yenyewe aliyameza. Kicheko cha wenzake hakikumezeka.

Nyumbani hakukuwa na nafuu. Mama yao anaishi na kaka yake na wifi, na Mama Miti huenda kuwaona kila Jumapili.

"Mkwe wangu kanionyesha miti yake kwenye simu," mama alisema Jumapili moja. "Inapepea hiyo! Ya kwako mbona haipepei?"

"Yangu ni miti, mama. Si feni."

Kaka yake aliinamia kikombe ili asionekane anacheka. Mama Miti ndipo alipoona kwamba miwani ya mama, iliyokuwa imefungwa uzi sikioni, ina mkono mpya.

"Nani kaitengeneza?"

"Wifi yako."

"Mbona hukuniambia mimi?"

"Wewe una kazi nyingi, mwanangu."

"Na yeye hana?"

Mama akauliza kama kuna anayetaka chai zaidi.

Mwaka huu studio ilipata filamu nyingine: nyumba moja, familia moja, miaka thelathini, na mti mmoja wa mkungu, ule wa kivuli kipana, mbele ya geti. Mwongozaji, mtu wa maneno machache anayetafuna vifuniko vya kalamu, aliwaita mawifi wote wawili. Kila mmoja alete mkungu wake Ijumaa. Mti utakaochukuliwa, mwenye mti ataongoza kitengo cha mimea. Na kwenye majina, chini ya "Miti," litaandikwa la kiongozi peke yake, kama kawaida.

Alhamisi jioni Mama Miti alipita nyuma ya kiti cha wifi yake, akasimama.

Mkungu wa wifi ulikuwa na pengo katikati, kama meno ya mbele yaliyong'olewa. Hapo ndipo nyaya za umeme hupita. Ulikuwa mkungu wa geti la mama, ule ambao watu wa umeme huukata kila mwaka: nusu ya kushoto imejaa, ya kulia imekondeana, na makovu kwenye shina. Wifi alikuwa ameuotesha mti mzima, halafu akapita kuonyesha, tawi kwa tawi, lipi liondolewe.

Mama Miti alihisi joto likimpanda hadi masikioni. Amepita chini ya mti ule tangu hajui kufunga viatu. Na mkungu wake mwenyewe, uliokuwa ukimngoja kwenye meza ya pili, ulikuwa mzima, mnene, matawi ngazi juu ya ngazi, mti mzuri ambao hakuna binadamu aliyewahi kuishi karibu nao.

"Unauonaje, wifi?"

"Si mbaya."

Simu ya wifi ikalia. "Mama huyo," akasema akiinuka. "Nitazamie mashine, wifi, nakuja sasa hivi." Akatoka kwenda kwenye korido.

Mama hajawahi kumpigia Mama Miti saa za kazi.

Aliinama. Kisanduku cha mbegu kilisema 4127. Alibonyeza mshale wa juu mara moja, ikawa 4128. Baadaye angejiambia kwamba alitaka kuona tu. Mti ukafutika, ukasimama mwingine. Lakini alama za kukata zilibaki, na programu hukumbuka tawi kwa namba yake, haijui kama hilo ndilo lililokuwa juu ya waya. Kilele kikawa kimekatwa chote. Matawi ya kwenye nyaya yakabaki yamenona. Ungedhani aliyeshika msumeno ana ugomvi na mwenye nyumba. Mama Miti akacheka peke yake, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, kisha akahifadhi. Akaisogeza picha mpaka skrini ikajaa gome la shina tu, kwani gome halikuwa limebadilika.

"Mama anataka nimpitie dawa kabla duka halijafungwa," wifi alisema aliporudi. Alizima mashine akiwa amesimama, mkoba begani. "Kesho, wifi."

"Kesho."

Ijumaa walishusha mapazia. Mkungu wa Mama Miti ulitangulia. "Safi," alisema mwongozaji, na baada ya kuuzungusha, "Safi sana." Kisha wifi akafungua wake.

Mchora nyuso ndiye aliyetangulia kusema. "Jamani, huu kaunyoa kinyozi mlevi!"

Wakacheka mpaka viti vikalia. Wifi alizungusha mti, akauzungusha tena. "Jana haukuwa hivi," alisema. "Haukuwa hivi kabisa."

"Nani alikufundisha kukata tawi?" mwongozaji aliuliza, bila ukali.

"Wifi yangu," akajibu, akamwonyesha kwa mkono, kama mtu anayesema jambo linalojulikana.

Vichwa vikageuka. Baadhi ya watu walikuwa bado na tabasamu mdomoni. Mama Miti angeweza kuvumilia kuchukiwa. Kutazamwa kama mwalimu wa kazi ile kulimshinda.

"Mbegu imeruka," alisema. "Hiyo ni ishirini na nane. Irudishe ishirini na saba."

Kwa wengine hayo yalikuwa mazungumzo ya mafundi. Mkono wa wifi ulitulia juu ya kipanya. Kisha akaandika namba, na mkungu wa geti la mama ukarudi, pengo lake katikati.

Mwongozaji alitoa kifuniko mdomoni. "Hapo waya unapita."

"Ndiyo."

"Nionyeshe ukiwa mche."

Wifi akavuta umri nyuma. Mti ukanywea hadi ukawa kijiti chenye majani manne, bila kovu lolote. Akauvuta mbele, ukakua. Mwongozaji akamgeukia Mama Miti. "Na wako?"

"Wiki tatu," alisema. "Kwa kila umri."

Hapo mambo yakaisha, na yeye aliliona hilo kabla ya wote. Aliona na jingine: hata ule mti ulionyolewa, kama ungerudishwa kuwa mche, ungekuwa mzuri, na wifi angeshinda tu. Alikuwa amejichafua bure.

Wifi alimngoja kwenye ngazi.

"Ulijuaje ilikuwa ishirini na saba?"

"Niliiona jana."

"Na ishirini na nane?"

Mhasibu alipita na kikombe chake. Wote wawili wakamtabasamia. Alipopotea, tabasamu zikakunjwa.

"Niliibonyeza mimi."

"Kwa nini, wifi?"

Alikuwa na jibu zuri kuhusu kazi ya mkono na mali ya kiwandani. Aliliacha. "Mama anakupigia wewe," alisema.

Wifi akacheka, wala si kwa furaha. "Ananipigia mimi kwa dawa, gesi, na bomba likivuja. Kwa ajili yako anajipiga kifua. Kila mgeni lazima akalishwe aangalie ile filamu yako mpaka majina, na mimi ndiye wa kuirudisha nyuma ili asiyeliona vizuri jina lako alione. Unataka tubadilishane?"

"Hukuwahi kuniambia."

"Nikuambie ili iweje? Na mimi nina roho inayouma."

Akashuka ngazi. Chini akageuka. "Kwa mwongozaji sitasema. Lakini Jumatatu unahamia meza ya kushoto kwangu, na usiguse kitu nisichokuambia."

Filamu itatoka Agosti. Chini ya neno "Miti" kutakuwa na jina la wifi, na la Mama Miti litafuata, chini ya kichwa chake lenyewe, "Mizizi na Magome." Jumatatu saa tatu ataanza kufundishwa programu. Lakini kwanza, Jumapili, yeye mwenyewe atakwenda kumweleza mama alichokifanya, kabla mama hajampigia wifi.