Kati ya Ukoma na Ukome

Wiki iliyopita nilikuwa Kebirigo nikirudia kuhesabu chane za ndizi, simu ikalia: yule mtaalamu wa maabara tuliyezoeana naye amefariki nyumbani kwao upande wa ziwa. Moyo ulisimama tu, walisema. Nikashukuru kwa taarifa, nikamaliza kuhesabu. Wasomaji wa safu hii mnanijua, sipokei hesabu ya mtu mpaka niirudie, na marehemu ndiye mnunuzi pekee aliyewahi kuzirudia ndizi zangu baada ya mimi kuzirudia. Siku tuliyojuana tulibishana kirefu kuhusu ndizi moja iliyopasuka, kama ihesabiwe au isihesabiwe. Alisema kazini kwake huhesabu vijidudu kwenye hadubini, na aliyehesabu mara moja bado hajahesabu. Nikamwongezea ndizi mbili, jambo nisilolifanya hata kwa jamaa.

Kazi yake ilikuwa utafiti wa ukoma. Wengi wetu Kisii na Nyamira tunadhani ugonjwa huo umebaki kwenye mahubiri ya Sabato, lakini bado humpata mmoja hapa, mwingine pale, na huyo mmoja hujificha. Marehemu alitaka kujua kwa nini mtu akishaanza dawa, na dawa inafanya kazi, ngozi yake wakati mwingine inawaka kuliko mwanzo. Alinieleza hivi: dawa inaua vijidudu, mizoga inabaki ndani ya ngozi na kwenye mishipa ya fahamu. Kinga ya mwili, ambayo ilikuwa imelala wakati adui yuko hai, sasa ndiyo inaamka na kuipiga ile mizoga. Ngumi zikitua kwenye mshipa wa mkono, vidole vinakufa ganzi na kujikunja. Nikamwambia hiyo kinga inafanana na mabaraza mengi ninayoyajua. Hakucheka. Alisema mgonjwa akiwahi kutibiwa, na asipoacha dawa, vidole vinaokoka.

Siku moja aliniomba nimfuate kwa mama mmoja mchuma chai karibu na Itumbe, nimtafsirie kwa Ekegusii. Malipo yangu yangekuwa chai. Mama alikuwa na mabaka mgongoni na kwenye mkono wa kulia, mkono ule ule wa kuchumia. Marehemu aliomba vipande viwili vidogo vya ngozi kwa ajili ya utafiti, kila kimoja kama punje ya wimbi. Mama akampa kimoja, kwa sharti kwamba atarudi kumwambia alichokiona ndani yake. Hapo nilimheshimu mama huyo, maana hata mimi nisingepata bei hiyo. Kisha marehemu akampa vidonge na maelezo. Nilipofungua kinywa kutafsiri, mama akaniinulia kiganja: "Wewe kunywa chai yako. Kiswahili nasikia, nilifika darasa la saba." Marehemu akamaliza mwenyewe: "Hii ni dawa ya ukoma, mama. Ngozi ikiwaka, ni ukoma, si dawa. Umeelewa?" "Nimeelewa." Nikanywa chai. Ilikuwa nzuri, na nilinyamaza nayo vizuri.

Mwezi uliofuata mama hakuja kuchukua vidonge. Wa pili vilevile. Tulimkuta kwenye ngazi ya nyumba yake, mabaka yamevimba mekundu, kiwiko kinauma akikigusa, kidole cha mwisho na cha kabla yake vimeanza kujikunja. Kikapu cha chai kilikuwa kimening'inia ukutani, kimekauka.

"Mama, mbona uliacha dawa?"

"Si ni wewe ulisema, daktari? Ngozi ikiwaka, ukome. Ikawaka. Nikakoma."

"Nilisema ukoma, mama."

"Ndiyo. Nilikoma."

Akatutazama, mmoja baada ya mwingine. "Au Kiswahili ni chenu nyinyi wawili?"

"Hata si changu," marehemu akasema. Akakaa chini kwenye ngazi, akachukua ule mkono, akapima ganzi kidole kimoja kimoja kwa ncha ya kalamu. Alipofika cha mwisho akarudia. Sikuhitaji kuambiwa jibu.

Mama akarudishwa kwenye dawa siku ile ile, akaongezewa nyingine ya kutuliza mapigano mwilini, na akafundishwa kuvinyoosha vidole kila siku. Pale ngazini marehemu alitimiza na lile sharti: akamchorea kwenye karatasi jinsi kinga ya mwili ilivyouzingira mshipa katika kile kipande kidogo. Mama akauliza kama huo mchoro una Kiswahili ndani. Baada ya hapo sikumsikia tena marehemu akimwuliza mgonjwa kama ameelewa. Alikuwa akisema, "Sasa nirudishie," na mgonjwa anamrudishia maneno yote, kwa lugha yoyote, mimi nikiwa pembeni kuyapima. Tafiti zake ziliandikwa kwa lugha ambayo mwenye ngozi hawezi kuisoma. Hiyo haikuwa juu yake. Neno "nirudishie" lilikuwa juu yake.

Tulikwenda kumzika pamoja, mama na mimi. Aliponisalimia niliutazama mkono wake wa kulia bila kificho. "Hesabu," akasema. Vinne vilikuwa vimenyooka. Nikarudia, bado vinne. Anachuma chai navyo.

Kaka wa marehemu alizungumza kwa Dholuo, mfanyakazi mwenzake akatafsiri kwa Kiswahili, na mimi nikamnong'onezea mama kwa Ekegusii. Safari hii hakuniinulia kiganja. Maneno yakapita lugha tatu, na nilitosheka na kazi yangu kwa sababu alikuwa akiitikia kwa kichwa. Nimejifunza kwa kuchelewa kwamba kuitikia kwa kichwa si hesabu. Hotuba ilipokwisha, mama akanigeukia bila kuombwa. "Nikurudishie?" Akanirudishia yote, taratibu, pamoja na sentensi moja ya Kiswahili niliyokuwa nimeiruka.